Upande wa Kushoto wa Mzee Athumani

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwita mgonjwa mlafi. Sikumwita mbele yake, maana mama yangu alinilea, ila nilikwenda jikoni nikamwambia mpishi kwamba yule mzee wa chumba cha mbele amezidi. Alikuwa amekula wali na maharage, kisha akaniita na kuniambia kwamba chakula chetu ni kidogo kama cha mahabusu, nimwongezee. Nilipotazama sahani nikakuta nusu nzima ya wali iko palepale, haijaguswa, imekatwa katikati kama kwa rula. Nikamwambia amalize kwanza kilichopo. Akauliza kipi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akakitazama kidole changu, akaitazama sahani, halafu akanitazama mimi kwa huruma, kama mtu anayejiuliza huyu kijana naye aligongwa na nini.

Tulibishana mpaka sista wa zamu akaja. Alishika sahani, akaizungusha ili upande wenye wali uje mkono wa kulia wa mzee, akaenda zake. Mzee akainamisha macho.

"Naam," akasema. "Sasa ndiyo umeleta."

Akala mpaka ikaisha.

Ninyi mnaosomea kazi hii siku hizi mna jina la tatizo lile, na mna picha za ubongo zenye rangi. Sisi tulikuwa na sahani. Mtu aliyeumia ubongo upande wa kulia anaweza kupoteza upande wa kushoto wa dunia. Macho yake ni mazima, lakini kwake huko kushoto hakuna kitu, na wala hajui kwamba hakuna. Usibishane naye. Mimi nilibishana miezi miwili, na nawaambia bure.

Nyumba yetu ilikuwa Ilomba, Mbeya, miaka ya sabini, wakati majirani wetu wengi walikuwa mahindi. Iliwahi kuwa ya mkulima mmoja wa kahawa, mzungu, aliyeondoka akaacha nyumba kubwa yenye baraza na choo kisichotoa maji. Tulikaa na wagonjwa sita, wote watu wazima waliopigwa kichwa, na wengi walipigwa na barabara. Lami ya kwenda Zambia ilikuwa ngeni na madereva walikuwa wameipokea kwa furaha kupita kiasi. Hospitali ilikuwa imeshamaliza kazi yake. Vidonda vimekauka, mifupa imeunga, mtu kapewa karatasi ya kurudi nyumbani, na nyumbani ndiko kulikomshinda. Anaweka kibiriti kwenye sufuria na chumvi kwenye moto. Anatoka kwenda dukani, jioni anaokotwa Mbalizi. Basi walikuja kwetu kujifunza kuishi upya, wakiwa na vyumba vyao, zamu zao za kupika na safari zao za sokoni, na sisi nyuma yao kama kivuli. Watu wa Ilomba waliiita nyumba ile Kwa Vichwa. Ukimwambia binti kwamba unafanya kazi Kwa Vichwa, anakumbuka ghafla kwamba ameacha mboga jikoni.

Mimi sikuitafuta kazi ile. Nilitoka kijijini Iringa kwenda Mbeya nikitaka udereva, nikaanguka mtihani mara tatu, na mara ya tatu nilimgongea mtahini baiskeli yake aliyokuwa ameiegesha mbali kabisa, akidhani huko ni salama. Jirani mmoja akaniambia kuna sista anatafuta kijana mwenye nguvu. Sista mwenyewe alikuwa Atupele, Mnyakyusa wa Tukuyu, mnene, mpole wa sauti, anayevaa raba za turubai mwaka mzima. Aliniuliza swali moja tu: kama naweza kukaa nikamtazama mtu anahangaika na kifungo cha shati dakika kumi nzima bila kumsaidia. Nikasema naweza.

Nilidanganya. Wiki yangu ya kwanza nilivaa wagonjwa wote. Namaanisha niliwavalisha, lakini Sista alikuwa na maneno yake. Saa moja asubuhi nilikuwa nimewapanga barazani, vifungo mpaka shingoni, wamekaa kama wanasubiri kupigwa picha. Nilijisikia fundi. Sista akaja, akapita kwa mmoja mmoja, akawafungua vifungo vyote na kuwaomba radhi kwa niaba yangu. Halafu akanigeukia.

"Galus, leo wewe umevaa mashati sita. Wao hawajavaa hata moja."

Nikakaa chini. Tulimaliza kuvaa saa tatu na nusu, na chai ilikuwa imepoa.

Sasa yule mzee wa sahani. Aliitwa Mzee Athumani, mfanyabiashara wa mpunga kutoka Mlandege, Iringa mjini. Babu yake alitoka pwani. Yeye alikuwa akienda Usangu kununua mpunga kwa wakulima na kuupandisha Iringa kwa lori, na siku moja karibu na Chimala lori likapinduka, yeye na magunia wakashuka pamoja, magunia juu. Aliamka baada ya wiki kadhaa akiwa na mkono wa kushoto mzito na ulimi mzima kabisa. Ulimi ule ulitutesa. Alizaliwa kwenye Kiswahili, sisi tulikikuta shuleni, na hakutuvumilia. Nikisema "kitabu yangu," anasimamisha mazoezi. Mtu hajui kwamba ana mkono wa kushoto, lakini ngeli zote anazo.

Mkono wenyewe aliukana. Siku moja wakati wa kuoga aliniuliza huu mkono ni wa nani. Nikamwambia ni wako, Mzee. Akasema hapana, ni wa Bakari. Bakari alikuwa mdogo wake, yuko Iringa, kilomita mia tatu na ushee kutoka pale, na kwa habari nilizokuwa nazo alikuwa na mikono yake yote miwili. Nilimweleza hayo kwa utaratibu. Nilifuata mkono kutoka kwenye vidole mpaka begani mwake nikamwonyesha ulipoungana na mwili. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniagiza nimwandikie Bakari aje achukue mkono wake, unamsumbua kitandani. Sista aliponikuta nimekasirika, sabuni mkononi, alimwambia tu: "Mzee, basi mwoshee Bakari mkono wake, ni ndugu yako." Mzee akauosha vizuri sana, mpaka kwenye kucha.

Alinyoa ndevu za kulia tu. Alivaa mkono mmoja wa kanzu. Alipita mlangoni akagonga bega la kushoto, akamlaumu aliyejenga. Dawa ya Sista ilikuwa kitambaa chekundu, kilichochanwa kwenye khanga yake ya zamani, alichomfunga kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Kabla ya kufanya jambo lolote, mzee alitakiwa kugeuza kichwa mpaka akione chekundu. Akishakiona, dunia yake imetimia, aendelee. Na sisi tuliagizwa kukaa kushoto kwake kila tunapozungumza naye, kikombe tuweke kushoto, ndara tuweke kushoto, tusubiri atafute. Kusubiri huko ndiyo kazi yenyewe. Kila kitu kingine hata mbuzi angefundishwa.

Mimi nilitii Sista akiwepo. Akienda mjini nilikaa kulia. Mazungumzo yalikwenda haraka, mzee alinitazama usoni, tulicheka. Kosa hilo nitawaeleza lilikonifikisha.

Mzee alipokuwa amemaliza karibu mwaka kwetu, ilikuja barua kutoka kwa mkewe, Bi Zuhura. Mzee alitaka kuisoma mwenyewe. Alisoma kama alivyokula, nusu ya kulia ya kila mstari, halafu akaikunja na kunitangazia kwamba Bakari anaoa tena, mtu mzima yule hana haya. Nikaichukua nikaisoma yote. Aliyekuwa anaolewa ni Mwanahawa, binti pekee wa Mzee Athumani. Ndugu walikuwa wamekaa wakaona kwamba kwa hali ya mzee, Bakari ndiye asimame kama walii, yaani ndiye amwoze binti mbele ya shehe, na mzee aje kama mgeni, akae pembeni, asichoshwe. Bi Zuhura alikuwa ameandika kwa heshima nyingi, na mwisho aliomba radhi.

Nilimsomea neno kwa neno. Alikaa na mkono wa Bakari mapajani.

"Mimi nimekufa?" akaniuliza.

"Hapana, Mzee."

"Basi mwanangu nitamwoza mwenyewe."

Nikaandika hivyohivyo. Wakajibu kwamba sawa, ila Bakari atakaa karibu. Kuanzia siku hiyo kila jioni, Sista akishamaliza zamu, barazani nilikuwa bwana harusi. Mpishi wetu, Mlutheri wa Njombe, alikuwa shehe, na aliifanya kazi hiyo kwa ukali ambao Uislamu haujamwomba. Mzee ananishika mkono wa kulia, anasema, "Nimekuoza binti yangu Mwanahawa kwa mahari mliyokubaliana," nami najibu nimekubali. Niliozwa kwa wiki tatu. Mwanzoni alisahau katikati, akaanza kunisimulia bei za mpunga. Mwishoni alisema bila kukwama hata mara moja. Nilimwambia Sista tuko tayari. Daktari wa hospitali alikuja ziara yake ya mwezi, akamtazama mzee kutoka mlangoni, akaniuliza huyu ndiye wa mguu, akaandika kwamba anaweza kusafiri.

Tulipanda basi alfajiri. Dirisha lilikuwa kushoto kwake, kwa hiyo alisafiri kutoka Mbeya hadi Iringa bila kuiona hata miti, akiwatazama abiria wa safu ya upande wa pili tu, ambao kufika Makambako walikuwa wamechoka kutazamwa. Mafinga nilimnunulia mahindi ya kuchoma, akala upande mmoja wa gunzi, nami nikamalizia uliobaki. Hiyo ni moja ya faida chache za kazi hii.

Mlandege walitupokea vizuri. Bi Zuhura alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, aliyemshika mumewe bega kama anashika chombo cha kuazima. Bakari alinitia hofu kidogo: mtu safi, sauti ya amri, anayetazama saa. Alipoona kitambaa chekundu aliniuliza kama huko Mbeya tumemfunga kaka yake dawa za Kisafwa. Nikaeleza. Alisikia, lakini hakusadiki. Asubuhi ya harusi Bi Zuhura aliniita ukumbini, akaniambia kwa upole kwamba watu wataona, watasema, naomba ukivue kwa leo tu. Nilijua haifai. Lakini nilikuwa kijana, nipo nyumbani kwa watu, nimekula maandazi yao. Nikakivua, nikakitia mfukoni.

Wanaume waliketi sebuleni juu ya mikeka. Mimi, Mkatoliki, nilisimama mlangoni pamoja na viatu. Nilimwona Bakari akikaa kulia kwa kaka yake, bega kwa bega, ili mzee akikwama amalizie yeye. Nilimwona bwana harusi akiingia. Aliitwa Idi, karani wa stoo, kijana mwembamba aliyetota jasho wakati Iringa nzima ilikuwa imevaa masweta. Nafasi iliyobaki ilikuwa kushoto. Akaketi kushoto. Wiki tatu nzima nilikuwa nimeozwa nikiwa nimekaa kulia.

Shehe alisoma hotuba, kisha akamwambia Mzee Athumani amshike bwana harusi mkono amwoze. Mzee akanyoosha mkono wa kulia, akamshika Bakari. Kwa sauti nzuri iliyotulia, bila kukwama mahali, akasema, "Nimekuoza binti yangu Mwanahawa kwa mahari mliyokubaliana."

Kwa baba yake mdogo.

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akajifanya anakohoa. Bakari aliuondoa mkono wake pole pole. Akawaambia watu, bila ukali, na hilo ndilo lililoniuma, "Mnaona wenyewe. Niacheni nimalize mimi." Shehe akamtazama Mzee Athumani, na mzee alikuwa anatazama mkono wake uliobaki hewani. Alijua kuna kitu. Hakujua ni kitu gani.

Niliingia na soksi zangu zilizotoboka nikapiga magoti kando ya shehe. Nilimweleza kwamba akili ya mzee ni nzima, ni upande wa kushoto tu haupo kwake, na kosa ni langu kwa sababu nilimfundisha vibaya. Nikaomba Idi ahamie kulia. Shehe akakubali, na Idi akaanza kuinuka.

"Galus," mzee akasema. "Nimekosea?"

"Umekosea, Mzee. Hakuwa upande huo."

"Yuko upande ule mwingine."

"Ndiyo."

"Basi mwambie akae. Nitamtafuta mwenyewe."

Kitambaa kilikuwa mfukoni mwangu. Ningeweza kukitoa. Nilikiminya tu.

Mzee akaanza kugeuza kichwa. Ninyi mnageuza shingo mkiitwa, hamjui ni safari. Alimpita shehe. Alifika kwenye birika la kahawa akasimama hapo, kama mtu aliyefika mwisho wa ukuta, na nikaona jasho likimtoka kwenye paji. Idi alitaka kupunga mkono amsaidie, shehe akamshika goti, na tangu siku hiyo namheshimu shehe yule, maana hakusomea kazi yetu. Mzee alivuta pumzi, akasukuma tena. Akaona ncha ya mkeka. Akaona goti. Akapanda na kanzu kwa macho, kidogo kidogo, mpaka akaufikia uso, akautazama sana.

"Kumbe ndiye wewe," akasema. "Mbona mwembamba hivyo?"

Akamnyooshea mkono. Akasema maneno yake tangu mwanzo, yote. Aliyekwama alikuwa Idi mwenye ubongo wake mzima: alijibu "nimekuoza" badala ya "nimekubali," akarudia, akakosea tena, na mara ya tatu ndipo ilipokaa sawa. Watu wakacheka kwa sauti, safari hii bila kujificha, na Mzee Athumani ndiye aliyecheka kuliko wote. Bakari alitoka nje akasema anakwenda kuangalia pilau. Nilimkuta nyuma ya jiko anafuta macho kwa kofia yake.

Kesho yake asubuhi nilikuwa na mizigo tayari. Mzee alikaa kitandani kwake akasema harudi. Nilimwambia matibabu hayajaisha. Akasema hayo matibabu yakiisha nimwandikie, yeye anaanza kuishi sasa. Nikamgeukia Bi Zuhura nikidhani atanisaidia. Alikuwa amesimama mlangoni na vikombe.

"Mwaka mzima naambiwa nimwombee," akaniambia. "Hakuna aliyeniambia nikae upande gani."

Nilikaa siku mbili zaidi kumwonyesha. Alishika haraka kuliko mimi, maana yeye hakuwa na haraka ya kumaliza zamu. Kitambaa alikifunga kwa mkono wake, na Bakari akiwepo.

Msije mkadhani nawapa hadithi ya muujiza. Upande wa kushoto haukurudi wote mpaka anaingia kaburini miaka mingi baadaye. Alitumbukia kwenye mfereji wa barabarani mara mbili. Alirudi dukani, na wateja waliosimama kushoto walingoja mpaka wakakasirika, na wezi wachache wenye akili waliujua upande wao. Kuna siku Bi Zuhura aliniandikia kwamba nije nimchukue mtu wangu, amemtukana mama mkwe wake kwa sababu ya ngeli. Wiki iliyofuata aliandika nisije. Mzee alimwoza pia mjukuu, kwa ruhusa ya Idi, na nasikia safari hiyo walimwekea bwana harusi kushoto kwa makusudi, kwa sababu alikataa kuwekewa kulia.

Nami nilirudi Mbeya peke yangu. Njia nzima nilikuwa natunga maelezo, maana nilitumwa kumpeleka mgonjwa harusini na kumrudisha, si kumwacha huko kama mwavuli. Niliingia Ilomba nimechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Sista Atupele alikuwa barazani anamtazama dereva mmoja wa malori akihangaika na kamba ya kiatu. Aliniuliza mgonjwa yuko wapi. Nikasema nimemwacha kwake. Nikamweleza yote, kitambaa nilichokivua, wiki tatu za kukaa kulia, Bakari kuozwa binti wa kaka yake. Sikuficha kitu. Nilikuwa tayari kufukuzwa, na moyoni nilishaanza kufikiria tena mtihani wa udereva.

Alinisikiliza bila kumwondolea macho yule dereva, ambaye kamba ilimponyoka akaanza upya.

"Kabadilishe shuka za kitanda chake," akasema. "Kesho kuna mwingine anakuja."

Nikaenda kuzibadilisha.